Kilio cha Kuazima

Wasichana wengine wakialikwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mama mkwe mtarajiwa, huhangaika na nguo. Chiriku alihangaika na saa. Gauni alivaa lile lililomjia mkononi, nywele alizibana tu, lakini tangu waliposhuka kwenye basi alikuwa akiitupia macho saa yake kila baada ya hatua chache, hata mchumba wake akaona wivu. Akamuuliza kama ana miadi na mtu mwingine.

"Mtu gani tena, na mtu wangu ninaye hapa," alisema Chiriku, akamshika mkono.

Alilisema vizuri, kwa sauti tamu, maana kusema vizuri ndiyo kazi iliyomlisha. Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo usiotulia, likamganda, na alipokua akaupeleka mdomo huo redioni. Kila Jumapili alasiri kulikuwa na mchezo wa redio ambao watu waliufuatilia kama habari za jamaa zao wenyewe, na katika mchezo huo hakuna aliyelia kama yeye. Wanawake waliacha vyombo majini wakamsikilize. Wanaume walijifanya wanatafuta kitu karibu na redio.

Leo ilikuwa Jumapili. Katika mchezo wa leo kulikuwa na kilio cha Chiriku, kizuri kuliko vyote alivyowahi kulia, na kilio hicho hakikuwa chake. Alikichukua kwa mwanaume huyu huyu aliyemshika mkono, bila kumwomba wala kumwambia. Kwa hiyo alikuwa amejipanga: wafike mapema, wale mapema, waage mapema, na mchezo ukianza wawe wameshaingia kwenye basi lenye muziki mkubwa. Mchumba wake akikisikia kile kilio, harusi hakuna. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi makochi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Baba yake alifariki kabla yeye na Chiriku hawajajuana, na katika msiba ule fundi hakudondosha hata chozi. Alipanga viti, alielekeza magari, alibeba maji. Shangazi yake, dada wa marehemu, alimnyooshea kidole mbele ya waombolezaji akasema mtoto huyu ana jiwe kifuani.  Neno hilo likamkaa, na tangu siku hiyo nyumbani kwao alijulikana kuwa ni mtu asiyelia.

Halafu siku moja alilileta karakana kochi la marehemu ili alivishe kitambaa kipya. Chiriku alikuwa amekaa juu ya rundo la sponji akipiga soga. Fundi aliingiza mkono kwenye ule ufa kati ya kikalio na mkono wa kochi, pale vinapopotelea vitu, akatoa kitana. Kitana kilikuwa na nywele nyeupe zilizonasa. Fundi alikitazama. Akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kupishwa njia. Akacheka, kicheko kifupi cha kujishangaa. Katikati kicheko kikakatika, na kilichotoka baada ya hapo kilikuwa kilio, huku akijibembeleza mwenyewe kwa sauti ya chini, "Basi, basi, basi," kama mtu anayemtuliza mtoto mchanga. Chiriku alimkumbatia mpaka kikaisha. Alilia naye, na kipenzi msomaji, machozi yale yalikuwa ya kweli. Fundi alipopata sauti alimwomba jambo moja tu, kwamba asimwambie mtu.

Na kweli, Chiriku hakumwambia mtu. Alifanya vibaya zaidi.

Studio walikuwa wanarekodi habari ya mjane anayeletewa viatu vya mumewe. Chiriku alimfikiria marehemu bibi yake, akalia kwa uchungu mpaka kifua kikamuuma. Mwongozaji akagonga kioo. "Nasikia mafua," alisema, "sisikii msiba." Wakarudia, na mafua yakazidi. Mwongozaji alikuwa na imani yake ambayo aliwaimbia waigizaji wote: moyo uacheni mlangoni na miavuli yenu, mle ndani nataka masikio na akili, anayepaswa kulia ni msikilizaji. Basi Chiriku akapenga kamasi, akanywa maji, akasimama wima. Kikohozi kidogo. Kicheko kifupi kilichokatika. Basi, basi, basi. Fundi mitambo alivua visikizi vya masikioni akajipangusa macho. Mwongozaji, ambaye sifa kwake zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, alisema leo umetoa moyo.

Chiriku alitoka studio akiwa na furaha ya ajabu, akila karanga njiani. Alipofika nyumbani ndipo akili ikamrudia. Alikaa kitandani na viatu miguuni mpaka chumba kikaingia giza. Kesho yake alikwenda kumwomba Mwongozaji wakirekodi upya, na Mwongozaji akacheka mpaka akashika mbavu.

*

Sebule ya mama mkwe ilikuwa ndogo na safi kupita kiasi. Kochi la marehemu lilikuwa mahali pake, limevaa kitambaa kipya cha kijani, na hakuna aliyelikalia. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, wa kusema huku akikutazama mikono. Shangazi alikuwa mnene wa umbo na wa sauti, na alikuwa ametoka kwake makusudi kuja kumkagua huyu binti wa redioni. Alimpokea kwa tabasamu la hakimu.

Chakula kilichelewa. Chiriku alijitolea kusaidia jikoni, akatolewa jikoni kwa heshima zote, maana mgeni hakati vitunguu. Akarudi sebuleni, akatazama saa, akaona mipango yake yote inakwama jikoni pamoja na kile chakula. Walipokuja kukaa mezani, shangazi hakungoja sahani zijae. Aliuliza alichokuja kukiuliza.

"Bibie, hebu nitoe ushamba. Ukilia mle redioni, unalia kweli au unaigiza?"

Chiriku alifungua mdomo, lakini fundi alimtangulia. Mtu yule ambaye angeweza kukaa siku nzima bila kuzidisha maneno, siku hiyo alikuwa na ulimi.

"Analia kweli, shangazi. Huyu hawezi kutoa kitu asichokihisi. Kuna waigizaji wa kichwa, unawasikia kabisa wanahesabu. Huyu ni wa moyo."

"Lakini mtu anayelia kweli hapangi maneno," alisema mama taratibu. "Nikimsikiliza huyu binti, kila neno nalisikia. Mimi nikilia, hata jina langu silitamki."

Fundi alimweleza mama yake kwa mfano wa kazi yake mwenyewe. Alisema kochi unaweza kulipima kila pembe, mshono ukanyooka, misumari ikalingana, na bado mtu akikaa asistarehe. Kuna kitu unakiweka kwa mkono tu, huwezi kukionyesha kwenye rula. Mtu akikaa anakijua. Aliposema hayo alimgeukia Chiriku akamtazama, na katika macho yale hapakuwa na shaka hata chembe. Chiriku alipenda kutazamwa hivyo tangu siku ya kwanza. Safari hii alishindwa kuyapokea macho yale, akajifanya anatafuta chumvi.

"Mimi hofu yangu ni moja," alisema shangazi. "Mwanamke anayelia kwa mshahara, siku akilia humu ndani kwa mumewe, nani atajua ni kilio kipi?"

"Mimi nitajua," alisema fundi.

Hapo ndipo Chiriku alipaswa kusema. Nafasi ilikuwepo, tena pana. Angesema tu, jamani, mimi si kama anavyonieleza, mimi hulia kwa kichwa, na leo kuna kitu mtakisikia ambacho nakionea haya. Badala yake alitabasamu, akakubali sifa isiyo yake kama alivyokubali kilio kisicho chake, akaendelea kula.

Mama alinawa mikono. Alikwenda kabatini akarudi na redio ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, akaiweka juu ya meza katikati ya sahani. Alikuwa anatabasamu kwa aibu ya mtu mwenye zawadi ndogo.

"Nimeinunulia betri mpya," alisema. "Nikasema leo tutasikiliza na mwenyewe akiwepo."

Chiriku aliomba wasijisumbue. Alisema kujisikia mwenyewe redioni kunamtia haya, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kweli. Wote walicheka, wakasema huo ndio unyenyekevu wa wasanii. Akakumbushia basi. Fundi akasema mabasi yapo mpaka jioni, ana haraka gani. Wimbo wa kufungulia mchezo ukaanza, na shangazi akavuta kiti karibu.

Mjane aliingia. Mjane aliletewa viatu. Chiriku alikaa akiyasikiliza maneno yake mwenyewe yakija, akijua kila pumzi iko wapi, na jasho jembamba likamtoka chini ya masikio. Alimtazama fundi. Fundi alikuwa ameegemea kiti, anatabasamu, anakoroga chai.

Redioni, mjane akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kupishwa njia.

Kijiko cha fundi kikasimama.

Kicheko kifupi kikaja, kikakatika. Kisha kilio, na ile sauti ya chini inayojibembeleza, basi, basi, basi. Kilijaza sebule yote. Fundi hakuangalia redio. Alimtazama Chiriku, na Chiriku akaona uso anaoupenda ukijifunga, taratibu, kama duka linavyoteremshwa mlango. Damu ilimpanda fundi shingoni mpaka masikioni. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na haya, haya ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya mama yake, na kuyaona yale haya kulimchoma Chiriku kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

Mama alinyoosha mkono, akazima redio. 

"Hicho ni kilio cha mume wangu," alisema.

"Kaka," alisema shangazi, na sauti yake kubwa ilikuwa imepotea. "Wifi, ni kaka kabisa. Alivyolia tulipomzika mama. Kile kicheko. Na kujibembeleza kule."

"Ulimjua marehemu, binti yangu?"

Chiriku alisema hakumjua. Mama akauliza, kama si kwa marehemu, basi kilio hiki amekitoa wapi. Alikuwa anauliza kwa shauku tu, bila kumshuku. Na Chiriku alikwama. Akisema kweli, anaitoa siri ya mwanaume aliyeomba isitoke. Akidanganya, anadanganya mbele ya mwanaume huyo huyo, na yeye anajua. Kichwa chake, ambacho hakijawahi kukosa neno, kilimletea lililo karibu.

"Nilikitunga tu, mama. Kichwani."

"Hakukitunga," alisema fundi. Alikuwa anakitazama kijiko. "Amekitoa kwangu."

"Kwako?"

"Nililia, mama. Karakana. Nilipokuwa nalivisha kochi la mzee."

Mama aliweka mkono mdomoni. Shangazi alitazama kitambaa cha meza, akaanza kukinyoosha mahali ambapo hapakuwa na mkunjo. Yeye ndiye aliyelisema lile neno la jiwe, mbele za watu, na sasa lilikuwa limerudi likakaa naye mezani. Hakuna aliyekuwa na pa kuweka macho. Fundi akanyanyuka, akapita jikoni, akatokea ua wa nyuma. Chiriku alimfuata, maana hakujua la kufanya lingine.

*

Alimkuta kati ya nguo zilizoanikwa, akiwa ameshika kamba kana kwamba ndiyo iliyomsimamisha. Hakugeuka.

"Siku ile," alisema, "ulikuwa umenishika, au ulikuwa unanisikiliza?"

Chiriku alikuwa na sauti ya kila uongo. Angeweza kuchagua iliyo nzuri kuliko zote.

"Vyote viwili," alisema.

"Haiwezekani."

"Kwangu inawezekana. Moyo uliniuma, nakuapia. Nililia na wewe. Lakini sikio lilikuwa macho. Lilikuwa linaniambia, kumbuka hicho kikohozi. Kumbuka kicheko kinakatikia wapi. Sikulituma. Liko hivyo tangu nikiwa mdogo. Hata bibi yangu alipokuwa anakata roho, sikio lilikuwa linamsikiliza anavyovuta pumzi."

"Na ulipokuwa unakitoa kule studio, ulinifikiria?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nisiikaribie sana maikrofoni."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitamani pia kumgusa bega, na hakuthubutu.

"Mimi nimekaa pale ndani nikiwaambia una moyo," alisema fundi. "Shangazi anauliza, mimi najibu, tena kwa mbwembwe. Kumbe nawasomea tangazo la biashara."

"Moyo ninao."

"Sasa mbona hukuutumia?"

"Niliutumia, wakaukataa. Nililia kilio changu mpaka pua ikaziba. Mwongozaji akasema anasikia mafua."

"Basi angesikia mafua." Aligeuka sasa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kungekuwa na ubaya gani? Ungewapa mafua yako mwenyewe, Chiriku. Yangu ungeniachia."

 Chiriku alikuwa Chiriku, na mdomo ukatangulia. Alisema kwamba mama yake leo amemsikia mumewe. Alisema angelia mafua yake mama asingemsikia mtu yeyote. Lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya kulisema pale, kati ya mashuka na mashati, kwa mtu ambaye kilio hicho kilitoka mwilini mwake. Alilisikia likitoka akatamani kulirudisha. Fundi alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama msafiri dirishani.

"Sitaweza kulia tena mbele yako," alisema. "Hata kucheka sitaweza. Nitakuwa najisikia nasikilizwa. Tutaishije?"

Chiriku hakuwahi kuulizwa swali lililomtisha kama hilo. Kabla hajalijibu, mlango wa jikoni ulifunguka, na mama akasimama pale akiwa ameshika ncha ya khanga yake.

"Binti yangu," alisema. "Njoo unifanyie tena."

Chiriku alidhani hajaelewa. Mama akaeleza, kwa upole ule ule, macho yakiwa kwenye mikono ya Chiriku. Alisema picha za marehemu anazo, mashati anayo, lakini sauti hakuna aliyeitunza, na imeanza kumtoka. Kuna siku anajaribu kuikumbuka haiji. Leo imekuja, yeye mwenyewe kwa ujinga wake akazima redio kabla haijaisha.

"Mara moja tu," alisema. "Nisikie mwisho wake."

Chiriku alimgeukia fundi. Alimwomba kwa macho amkataze.

"Mfanyie," alisema fundi. "Si kazi yako?"

Wakarudi ndani. Mama alikaa, akafumba macho, akaweka mikono mapajani kama mtoto anayesubiri kusomewa hadithi. Shangazi naye akafumba. Chiriku alisimama katikati ya sebule. Kikohozi alikijua. Kicheko alikijua. Kila kitu kilikuwa mahali pake kichwani, kimepangwa vizuri, na alijua kwamba leo angekitoa vizuri kuliko hata studio. Akavuta pumzi.

Ndipo akawaona. Aliiona ile shingo nyembamba ya mama iliyoinuliwa kidogo, ikisubiri. Alimwona fundi mlangoni, amegeuza uso ukutani ili asiwepo. Kitu kikampanda Chiriku kutoka tumboni, hakikupita kichwani wala hakikuomba ruhusa. Alikohoa, kikohozi kikawa cha kupaliwa. Alijaribu kile kicheko, kikatoka mlio wa kuku. Halafu akalia. Alilia vibaya sana, pua ikaziba, kamasi zikateremka, maneno yakavurugika, akashika meza na sahani zikagongana. Kama wasikilizaji wake wangemsikia, wangebadili stesheni.

Mama alifumbua macho, akamtazama kwa huruma.

"Siyo hicho," alisema.

"Najua, mama. Hiki ni changu."

 Shangazi alimpa leso, na Chiriku akaipokea bila kumtazama, kwa haya. Alikuwa anajipangusa aliposikia nyuma yake, kutoka pale mlangoni, kikohozi kidogo. Kama mtu anayetaka kupishwa njia.

Alijua kinachofuata. Sebule nzima ilijua. Na sikio lake, lile shetani dogo lisilolala, likasimama papo hapo, hata machozi yake yakakauka. Mwili mzima ukatulia kusikiliza. Chiriku akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Hakungoja kicheko. Alimpita fundi mlangoni bila kumtazama, akavuka uwanja, akakimbia barabarani peku, gauni limekamatwa mkononi, watu wa Jumapili wakimshangaa.

Mtaa wa pili kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka inayonguruma. Aliingia ndani kabisa, akajibana kati ya magunia, karibu na mkanda unaozunguka, mahali ambapo hata mawazo yako huyasikii. Msagaji alimpigia kelele ya kumuuliza anataka nini. Aliona midomo yake tu. Akaweka mikono masikioni, akafumba na macho, akakaa humo unga ukimwangukia mabegani.

Hakujua alikaa muda gani. Alipofumbua macho, fundi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika viatu vyake. Macho yalikuwa yamevimba. Alimpungia mkono atoke. Wakasimama nje, ukutani, pale kelele inapokuwa ndogo kiasi cha mtu kusikika. Fundi akaviweka viatu chini mbele ya miguu yake.

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Nisisikie."

"Hukusikia kitu?"

Angesema hapana, ingekuwa rahisi. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilisikia kikohozi," alisema. "Kicheko sikukingoja."

 Fundi alimwondolea unga begani, kisha akauondoa mkono haraka, kama aliyekumbuka kitu. Chiriku alivaa viatu. Aliinamia kamba muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa akiinama uso hauonekani. Alikuwa tayari kuambiwa aende zake. Alishapanga hata atakavyotembea mpaka kituoni, bila kugeuka, ili asimtie aibu zaidi mtaani kwao.

"Kicheko leo hakikuja," alisema fundi.

"Usiniambie."

"Mama alinishika kichwa, kikakosa njia. Nililia tu, moja kwa moja. Shangazi naye akaanza kuomba msamaha, nikashindwa kunyamaza."

"Usiniambie, tafadhali. Unanijua sasa. Nitakikumbuka."

Fundi aliegemea ukuta. Mashine ilikuwa inatetemesha matofali nyuma yao. Alikuwa amechoka, na hakumtazama.

"Nisipokuambia wewe," alisema, "nimwambie nani?"

Chiriku alifunika uso kwa mikono yake yenye unga. Kama fundi angemtukana, yeye angejua la kufanya.